Mama anapumzika mara tatu njiani: kipi ni umri na kipi ni ugonjwa?

*"Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 70. Karibu maisha yake yote ameishi Kayenze, akianika na kuuza dagaa, na tangu mwaka juzi anaishi nami Bugarika, hapa Mwanza. Mwaka jana alipanda ngazi za mawe hadi nyumbani kwa kupumzika mara moja. Tangu miezi miwili iliyopita anapumzika mara tatu, na akifika hawezi hata kuitikia salamu mpaka atulie. Jioni viatu vinambana. Amepungua urefu, kanga zake zinaburuta. Usiku anaamka kukojoa mara mbili au tatu, kwa hiyo mchana ameacha kunywa maji. Tukiwa wengi mezani hafuati mazungumzo, anawaita wajukuu kwa majina ya wajomba zao, na macho yake ni mekundu, yanatoa machozi. Alipimwa presha ikawa 160 kwa 80, lakini jirani aliyewahi kufanya kazi zahanati alisema hiyo ndiyo presha ya umri wake. Kwa ajili ya magoti anameza diklofenaki asubuhi na jioni, tunanunua duka la dawa. Kaka amemkataza nyama, maharage na dagaa, anasema ndivyo vinavyoharibu magoti. Sasa tumeletewa unga wa kurudisha nguvu za ujana, shilingi 45,000 kwa mwezi. Kila mtu ananiambia ni uzee tu. Je, ni uzee tu?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kumwangalia mama huku ukivutwa na ushauri wa kila upande. Umeandika mambo mengi kwa pamoja, na ndivyo ilivyo kwa wazee wengi, kwamba matatizo hayaji moja moja. Kama nimekuelewa vizuri, unaogopa kwamba ukikubali kuwa ni uzee utakuwa umempuuza mama, na ukikataa utakuwa unapigana na kitu kisichopiganika. Ni hofu ya haki, na nitaijibu kipengele kwa kipengele, lakini kuna jambo ambalo halisubiri mwisho wa maelezo yangu: pumzi iliyopungua ndani ya miezi miwili, pamoja na miguu inayovimba jioni, si uzee. Mama apimwe wiki hii, na mengine yote utakayoyasoma hapa chini yasikucheleweshe.

Ninasema hivyo kwa uhakika kwa sababu ya muda uliouandika wewe mwenyewe. Umri hautembei kwa kasi hiyo. Umri hupunguza kidogo kidogo kwa miaka mingi, hata mwenyewe asiweze kukuambia ulianza lini, na kwa kawaida hupunguza kulia na kushoto kwa pamoja. Jambo ambalo familia inaweza kutaja mwezi lilipoanza, au lililoshika mkono mmoja, mguu mmoja au jicho moja, lina jina lingine, na kazi ya daktari ni kulitafuta jina hilo. Sentensi ya "ni uzee tu" imewazuia wazee wengi wa kanda yetu wasifike hospitali mapema, na inaniuma zaidi ninapoisikia ikitoka kwenye vinywa vya wahudumu wa afya.

Ili uelewe ninavyotenganisha mambo haya, ni lazima kwanza tuelewane uzee wenyewe ni nini ndani ya mwili. Kijana wa miaka 25 amepewa uwezo mwingi kuliko anaouhitaji kwa siku ya kawaida. Ana figo mbili, ilhali mtu aliyetoa figo moja kumpa ndugu yake anaishi vizuri kwa ile iliyobaki. Moyo wake ukipiga mara 70 kwa dakika akiwa ameketi, unaweza kufika karibu 190 akikimbizwa. Uwezo huo wa ziada ndio akiba ya mwili. Kuzeeka, kwa maana ya kibayolojia, ni kupungua kwa akiba hiyo, na ndiyo maana mzee mwenye afya akiwa amekaa kwenye mkeka wake hatofautiani sana na kijana. Tofauti inaonekana pale mwili unapodaiwa zaidi, iwe ni kwa mlima, homa, kiu au dawa kali.

Akiba inapungua kwa sababu mwili unajikarabati muda wote, lakini haujikarabati kikamilifu. Mwaka 1977 mwanabayolojia wa Uingereza, Thomas Kirkwood, alieleza hivi: nguvu ambazo kiumbe anazipata kwenye chakula zina kazi nyingi, ikiwemo kuzaa, na maumbile hayakupata faida ya kuzitumia zote katika kuutunza mwili mmoja milele, kwa hiyo ukarabati hufanywa kwa kiasi cha kutosha kuzaa na kulea, na mabaki madogo ya uharibifu hujilimbikiza. Mwaka 1961, huko Philadelphia, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zilizokuzwa maabara hugawanyika takribani mara 50 kisha hukoma. Baadaye ilijulikana kwamba ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), ziitwazo telomea, hufupika kila seli inapogawanyika. Baadhi ya seli zilizokoma hazifi wala haziondoki, bali hubaki zikitoa kemikali zinazoamsha uvimbe mdogo wa kudumu kwenye nyama za jirani. Ongeza mitambo ya nishati ndani ya seli inayochakaa, na protini za ngozi, lenzi ya jicho na kuta za mishipa zinazogandamana na kukakamaa, na hapo umepata picha ya kutosha. Hakuna kiungo kinachosalimika kabisa, lakini hakuna pia kiungo ambacho umri peke yake hukifunga ghafla.

Sasa turudi kwenye ngazi zenu za Bugarika. Kwa makadirio ya kawaida, kasi ya juu kabisa ya moyo ni 220 ukitoa umri, yaani karibu 190 kwa mtu wa miaka 30 na karibu 150 kwa mama yako. Kuta za moyo na mishipa mikubwa zinakuwa ngumu kidogo, kifua hakitanuki kama zamani, na misuli ya mapaja imepungua. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kwa takribani asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi. Mawe ni yaleyale, ila sehemu ya uwezo inayotumika kuyapanda imekuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo mama wa miaka 70 kupumzika mara moja kwenye mlima ule, kama alivyokuwa akifanya mwaka jana, ninaweza kukubali kwamba ni umri. Kutoka mara moja hadi mara tatu kwa miezi miwili siwezi.

Kitu kinachonitia wasiwasi kuliko vyote kwenye barua yako ni kile ambacho wewe umekitaja kwa kupita, yaani diklofenaki asubuhi na jioni. Ni dawa halali na ina kazi yake, lakini kwa mzee inagusa mahali palepale ambapo akiba ni ndogo. Uwezo wa figo kuchuja damu hushuka, kwa wastani, karibu mililita 1 kwa dakika kila mwaka baada ya miaka 40 hivi. (Nasema kwa wastani kwa sababu katika uchunguzi wa miaka mingi ulioanza Baltimore, Marekani, mwaka 1958, karibu theluthi moja ya watu hawakuonyesha kushuka huko.) Figo ya mzee, ili iendelee kuchuja vizuri, hutegemea kemikali zinazofungua mishipa yake ya damu, na kemikali hizo ndizo ambazo diklofenaki na ndugu zake, kama vile ibuprofeni, huzizuia. Matokeo yake ni kwamba chumvi na maji hubaki mwilini, presha hupanda, miguu huvimba, na moyo uliokuwa ukijimudu unaweza kuanza kuzidiwa. Mtu huyohuyo akiwa ameacha kunywa maji mchana, figo inabanwa pande mbili.

Dawa hizo pia hudhoofisha ukuta wa tumbo, na kidonda cha tumbo cha mzee mara nyingi hakiumi. Niliwahi kuletewa mzee mvuvi kutoka Ukerewe ambaye wanawe walisema amechoka kwa sababu ya miaka. Nilipovuta chini kope ya jicho lake, mahali panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama tumbo la sato. Alikuwa akipoteza damu tumboni taratibu kwa miezi, akimeza vidonge vya mgongo kila siku, na choo chake kilikuwa cheusi bila mtu kumuuliza. Alitibiwa kidonda, akaongezewa damu na madini ya chuma, na baada ya miezi mitatu alikuwa amerudi kwenye kushona nyavu zake. Upungufu wa damu nao si uzee. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwanamke mzima asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 za hemoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, kwa desilita amepungukiwa damu, na namba hiyo haishushwi kwa sababu mtu ana miaka 70.

Kwa hiyo naomba diklofenaki isimamishwe leo. Kuiacha ghafla hakuna hatari. Maumivu ya magoti yanaweza kupozwa kwa parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kitambaa cha maji ya moto, na baadaye kwa mazoezi nitakayoyaeleza. Siwezi kukuahidi kwamba parasetamoli itafanya kazi sawasawa; kwa wengi ni dhaifu zaidi, na mama ataona tofauti siku za mwanzo. Lakini goti linalouma kiasi ni afadhali kuliko figo iliyozimika.

Ukitaka kujua kama uvimbe wa miguu ni maji, jioni mketishe mama, bonyeza kwa kidole gumba mbele ya mfupa wa mguu, juu kidogo ya kifundo, uhesabu polepole hadi kumi kisha uachie. Kama kinabaki kishimo unachoweza kukigusa, hayo ni maji. Muulize pia analala na mito mingapi, na kama amewahi kuamka usiku akiwa amekosa pumzi, akalazimika kuketi. Majibu hayo mpelekee daktari, kwa kuwa yana thamani kubwa kuliko unavyodhani. Uvimbe huo, isitoshe, unaeleza sehemu ya usumbufu wa usiku: mtu anapolala, maji yaliyoshuka miguuni mchana hurudi kwenye damu, figo huyatoa, na kibofu hujaa.

Sehemu nyingine ya kukojoa usiku ni umri kweli. Figo ya mzee hupoteza uwezo wa kuukoleza mkojo wakati wa usingizi, kibofu hushika kidogo zaidi, na usingizi mzito hupungua, kwa hiyo mshituko mdogo ambao kijana angelala nao humwamsha mzee. Kuamka mara moja, hata mbili, katika miaka 70 ni kawaida. Lakini kisukari nacho huanza hivyohivyo, kwa hiyo apimwe sukari. Kuacha maji mchana ni kosa la kueleweka, ila ni kosa. Hisia ya kiu hufifia kwa umri. Mzee anaweza kukaukiwa bila kutamani maji. Kama daktari hatasema vinginevyo kwa sababu ya moyo, mpe maji mapema, kuanzia asubuhi hadi alasiri, na upunguze saa mbili tatu kabla ya kulala. Jioni aweke miguu juu ya kigoda kwa muda, ili maji yarudi kabla hajaingia kitandani.

Kuhusu presha, jirani yenu amerudia kauli ya zamani sana, kwamba namba ya juu iwe mia moja ukijumlisha umri. Ni kweli kwamba mishipa mikubwa hukakamaa kwa miaka, na kwamba ndiyo maana kwa wazee namba ya juu hupanda huku ya chini ikibaki palepale au kushuka, kama ilivyo kwa mama: 160 kwa 80. Lakini kuwa jambo la kawaida hakulifanyi liwe salama. Kuna watu, kama Wayanomami wa misitu ya Amazon, ambao presha yao haipandi kwa umri hata kidogo, na wanatumia chumvi kidogo mno. Karibu na sisi zaidi, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini kwenye mwambao wa kaskazini wa ziwa letu hilihili wakahamia Nairobi; presha zao zilipanda kuliko za wenzao waliobaki nyumbani ndani ya miezi michache tu, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi zaidi. Hao hawakuwa wamezeeka kwa miezi hiyo. Kwa hiyo punguza chumvi mezani, na kama mnapenda kayabo, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, lilowekeni vizuri na kumwaga maji yake, au liwe la mara mojamoja.

Na wapo wanaosema mzee asianzishiwe dawa za presha kwa sababu ameshakula chumvi nyingi. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya watu 3,845, wote wakiwa na miaka 80 au zaidi, ambao namba yao ya juu ilikuwa 160 au zaidi. Waliopewa dawa, wakilengwa 150 kwa 80, walikufa kwa asilimia 21 pungufu kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa, na moyo kushindwa kufanya kazi kulipungua kwa asilimia 64. Mama yako ni mdogo kwa hao kwa miaka kumi. Presha yake ipimwe tena, akiwa ameketi na kupumzika dakika tano, kisha akiwa amesimama, maana kwa wazee presha inaweza kushuka ghafla mtu anapoinuka, akaanguka. Ikiwa bado iko juu baada ya diklofenaki kutoka mwilini, atahitaji dawa, kwa kuanza na kipimo kidogo.

Sasa chakula, na hapa nitamsihi kaka yako kwa heshima zote alegeze amri yake. Magoti ya mama yanauma kwa sababu gegedu, ile sehemu laini inayoteleza kwenye ncha za mifupa, imelika baada ya miaka ya kubeba ndoo na kuinama mchangani, na kwa sababu misuli inayoshikilia goti imedhoofika. Maharage hayahusiki. Huenda kaka anafikiria gauti, lakini huo ni ugonjwa mwingine, hushambulia ghafla, mara nyingi kidole gumba cha mguu, kwa uvimbe mwekundu na wa moto usiovumilika hata shuka likigusa. Ukimnyima protini mwanamke wa miaka 70, unachokiondoa ni misuli, na hakuna akiba anayoihitaji zaidi ya hiyo.

Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na kasi huongezeka baada ya 60. Sababu mojawapo ni mishipa ya fahamu inayoiamrisha: baadhi hufa, na nyuzi za misuli zilizoachwa yatima huchukuliwa na mshipa wa jirani au hunywea. Nyuzi zinazopotea zaidi ni zile za haraka, zinazomwezesha mtu kujishika anapojikwaa. Ugonjwa na kulala vinaharakisha mno. Wazee kumi na wawili wenye afya, wenye wastani wa miaka 67, waliwahi kulazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti, na wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10 tu! Ndiyo maana sipendi kusikia mzee akiambiwa "pumzika mama, umeshafanya kazi ya kutosha", ingawa najua maneno hayo hutoka kwenye mapenzi.

Mzee anahitaji takribani gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ambayo kwa mama wa kilo 54 ni kama gramu 54 hadi 65. Dagaa wakavu wana protini ya karibu nusu ya uzito wao au zaidi, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao wanampa pia kalsiamu. Mama aliyewaanika dagaa maisha yake yote asinyimwe leo. Gawanya protini katika milo yote, kwa kuwa misuli ya mzee haiitiki vizuri kwa kiasi kidogo: yai au maziwa asubuhi na michembe yake (viazi vitamu vilivyokaushwa), maharage mchana, dagaa au sato jioni kwa ugali na nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa). Akikosa meno, dagaa watwangwe. Kipimo cha figo kikionyesha ugonjwa mkubwa, daktari atalizungumza upya suala hili, lakini si kabla.

Mwaka 1990, huko Boston, watu kumi wenye umri wa karibu miaka 90, dhaifu, wanaoishi kwenye nyumba ya wazee, waliingizwa kwenye mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Tangu niliposoma matokeo hayo nikiwa daktari kijana sijawahi kumwambia mgonjwa kwamba amechelewa. Huo unga wa shilingi 45,000 hauna kitu cha kulinganisha na hilo. Hakuna dawa yoyote, ya kiwandani wala ya mitishamba, iliyothibitishwa kurudisha ujana wa binadamu, na unga usiojulikana viambato vyake unaweza kuongezewa dawa za kuamsha mwili au kuumiza ini na figo. Rudisheni. Fedha hiyo inunue mayai.

Daktari akisharidhika na moyo wake, aanze na kiti. Weka kiti imara kisicho na magurudumu, mgongo wake uegemee ukuta. Mama akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa mara tano, wewe ukihesabu sekunde. Zikizidi 15, misuli ya miguu imedhoofika. Usimhukumu kwa hilo, andika tu namba ukutani pamoja na tarehe. Kisha kila siku, isipokuwa siku anapoumwa, asimame na kukaa mara nane, apumzike, arudie, mwanzoni akijishika; ainuke kwa vidole vya miguu akiwa ameshika ukuta; na abebe vitu vidogo vya nyumbani ambavyo mmezoea kumpokonya. Magoti yatalalamika wiki mbili za kwanza. Maumivu yanayotulia ndani ya siku moja yanakubalika. Goti likivimba, punguzeni.

Yaliyobaki naweza kuyapita kwa haraka zaidi. Kuhusu urefu, mwanamke hupoteza kwa wastani karibu sentimita 5 kati ya miaka 30 na 70, kwa sababu pedi zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hukauka na mifupa hupoteza madini, hasa baada ya hedhi kukoma. Kanga kuburuta kidogo ni umri. Maumivu makali ya mgongo yaliyoanza siku moja baada ya kuinua ndoo, au kibiongo kilichojitokeza upesi, ni pingili iliyovunjika, na hilo linahitaji picha.

Masikio yake yanapoteza kwanza sauti nyembamba, zile za s, f na sh, kwa sababu seli zenye vinyweleo zinazozipokea huchakaa na hazioti tena. Ndiyo maana anasikia kwamba mnaongea lakini haambulii maneno, hasa redio ikiwa imewashwa. Kupiga kelele hakusaidii. Kaeni mbele ya uso wake, mtu mmoja azungumze kwa wakati, na masikio yachunguzwe nta. Kumwita mjukuu kwa jina la mjomba wake kisha kujisahihisha ni kawaida kabisa. Ubongo wa mzee huchelewa kulifikia jina, lakini ghala la maneno na hekima yake haliguswi sana. Ningeshituka kama angepotea kwenye njia anayoijua, angesahau jinsi ya kupika ugali, au angechanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja, ambako mara nyingi ni maambukizi, dawa au upungufu wa maji.

Macho mekundu nayazungumza taratibu, kwa kuwa katika Kanda ya Ziwa jambo hili limewagharimu bibi zetu uhai. Wanawake wazee, wengi wao wajane, wameuawa wakiitwa wachawi, na mara nyingi ushahidi pekee ulikuwa wekundu wa macho yao. Wekundu ule una sababu za mwili: miaka arobaini ya kupuliza moto wa kuni, na mahali pengine wa mavi ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, mwanga mkali unaorudishwa na mchanga na maji, machozi ambayo kwa umri hupoteza mafuta yake, hivyo jicho hukauka na kujibu kwa kutoa maji mengi yasiyolainisha, na kope zinazolegea. Wakati mwingine ni ugonjwa wa vikope (trakoma), ambao unatibika. Mwambie hayo kila anayemtazama mama yako vibaya, na uyaseme mbele ya wajukuu. Katika kliniki ya macho wamwangalie pia mtoto wa jicho na presha ya jicho. Ajikinge na moshi, wala asitiwe maziwa au majani machoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho au keshokutwa mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, uombe dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua kama mzee mtu aliyefikisha miaka 60, kwa hiyo usione aibu kutaja umri wake mapokezini. Apimwe presha, wingi wa damu, sukari, mkojo na kreatinini, ambacho ni kipimo cha figo, na asikilizwe moyo na mapafu. Kwa kuwa ameishi ufukweni, taja pia kichocho, ambacho kwenye mwambao wetu hushika zaidi utumbo na ini na huweza kujaza tumbo maji. Ukiwepo uzito unaopungua, kikohozi cha wiki mbili au jasho la usiku, wachunguze kifua kikuu. Wakiona moyo una shida, watawapa rufaa kwenda Sekou Toure au Bugando kwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti.

Usisubiri hata kesho akipata maumivu ya kifua, akishindwa kupumua akiwa amelala, akizimia, akitoa choo cheusi kama lami au kutapika damu, mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea, au mkojo ukikata. Hizo ni safari za usiku uleule.

Siku ya kwenda, weka kwenye mfuko mmoja kila kitu anachomeza, pamoja na diklofenaki, huo unga na majani kama yapo, umwage vyote mezani mbele ya daktari. Chukua na kanga inayoburuta, aje nayo akiwa ameivaa, na umwache mama ajibu maswali mwenyewe kwanza. Ukisikia amekosea tarehe, subiri amalize ndipo uongeze ya kwako. Kisha baada ya wiki nane mketishe kwenye kile kiti, uhesabu tena sekunde, na uniandikie namba zote mbili.